Mwalimu mmoja, watoto wanne na zamu ya usiku bandarini

Jumapili tarehe 15 Machi 2020, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kwamba shule zote za Kenya zifungwe. Kisiwani Mombasa mambo yalibana kuliko kwingi. Tarehe 8 Aprili kaunti nzima ilifungiwa, hakuna kuingia wala kutoka. Pasaka ya tarehe 12 ikafika milango ya makanisa imefungwa na Misa inafuatwa kwenye televisheni na simu. Tarehe 6 Mei, katikati ya mwezi wa Ramadhani, Mji wa Kale nao ukafungiwa peke yake, sawa na Eastleigh kule Nairobi. Gredi ya nne, darasa la nane na kidato cha nne waliitwa darasani tarehe 12 Oktoba. Waliobaki walingoja hadi 4 Januari 2021.

Katika miezi hiyo tisa na ushei, nyumba nyingi zenye watoto, kutoka Kibokoni hadi Ganjoni, zilibandika karatasi ukutani. Ilikuwa karatasi ileile: saa mbili Hisabati, saa mbili na nusu Kiingereza, saa tatu Kiswahili, mapumziko, kisha Sayansi. Na katika nyumba nyingi karatasi hiyo haikumaliza wiki. Wazazi wakajilaumu kwamba hawana msimamo, au kwamba watoto wao wamedekezwa. Mimi naona hukumu hiyo haikuwa ya haki. Ratiba ya shule imetungwa kwa ajili ya mahali ambapo kila darasa lina mwalimu wake. Nyumbani mwalimu ni mmoja, madarasa ni matatu au manne, na mwalimu huyohuyo ana sufuria mekoni, nguo za kufua na mtoto anayemvuta kanga.

Shule zilipofunguliwa, wengi walimshukuru Mungu wakawarudisha watoto. Wapo ambao wazo la kusomesha nyumbani halikuwatoka, na kwa mzazi Mkatoliki wazo hilo lina mizizi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake juu ya malezi ya Kikristo la tarehe 28 Oktoba 1965, uliwataja wazazi kuwa walezi wa kwanza na wakuu wa watoto wao. Sheria za Kanisa za 1983 zinarudia hilo katika kanuni ya 793, na kanuni ya 798 inamwambia mzazi asiyeweza kupata shule ya Kikatoliki kwamba malezi ya dini ya mtoto bado ni mzigo wake. Hapa kisiwani shule za Kikatoliki zipo, Star of the Sea ikiwa mojawapo, kwa hiyo anayesomesha nyumbani hafanyi hivyo kwa kukosa pa kumpeleka mtoto. Amechagua.

Kuchagua huko, hata hivyo, kuna sheria ya nchi. Katiba, ibara ya 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtaka mzazi ahakikishe mtoto anahudhuria shule, na anayekaidi bila sababu ya msingi anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Kanisa linamtambua mzazi. Serikali inaulizia shule. Anayeingia katika jambo hili aingie akijua hivyo, asije kuambiwa na chifu. Kwa familia nyingi shule ya nyumbani itabaki kuwa ya likizo, ya jioni, au ya mwaka ambao mtoto ni mgonjwa. Hata hiyo inahitaji kupangwa, na kupanga kwake ni kulekule.

Basi tuchukue nyumba moja ya kupanga pale Ganjoni: vyumba viwili na sebule, baba anafanya kazi bandarini Kilindini kwa zamu, mama yuko nyumbani. Kifungua mimba ni mvulana wa gredi ya nane. Anayemfuata ni msichana wa gredi ya tano, kisha mvulana wa gredi ya pili, na kitinda mimba ana miaka mitatu. Nyumba ya namna hii ikianza kupanga kwa kuorodhesha masomo, itaumia. Masomo ni mengi kuliko saa, na saa ni nyingi kuliko nguvu za mama. Kilicho adimu humo ndani ni mama mwenyewe: ile nafasi ya kukaa na mtoto mmoja, kitabu kimoja, bila kuitwa. Hiyo ndiyo igawanywe kwanza. Mengine yote yatajipanga pembeni yake.

Wala nafasi hiyo haihitaji kuwa ndefu. Mtaala wa umilisi ulipoanza nchini Januari 2019, gredi za chini zilipangiwa vipindi 35 kwa wiki, kila kimoja dakika 30. Ukizipigia hesabu ni saa tatu na nusu kwa siku, na hizo ni za mwalimu mwenye watoto arobaini au zaidi mbele yake, anayenyamazisha huyu na kumtafutia yule penseli. Charlotte Mason, mwalimu Mwingereza aliyefariki mwaka 1923 na ambaye akina mama wengi Wakatoliki wanaosomesha nyumbani humfuata ijapokuwa alikuwa Mwanglikana, alishikilia kwamba masomo ya wadogo yawe mafupi, dakika 15 au 20, ili mtoto azoee kutega sikio kikamilifu badala ya kukaa tu. Nyumbani hilo linawezekana. Dakika 20 za kusoma ana kwa ana na mama ni nyingi kuliko watoto wengi wanazopata kwa mwalimu wao wiki nzima.

Asubuhi ya Ganjoni basi yaweza kwenda hivi. Saa moja na nusu vyombo vya chai vimeshaondolewa mezani. Wa kwanza kupata mama ni kitinda mimba, na hapo ndipo wazazi wengi hukosea kwa kumweka mwisho. Robo saa mapajani na kitabu cha picha, au kupanga naye vifuniko vya chupa kwa rangi, kisha ataachia. Asiyepewa mwanzo atadai katikati, na atadai kwa sauti. Wakati huo kifungua mimba yuko kwenye Hisabati zake peke yake, msichana anaandika insha, wa gredi ya pili ananakili sentensi tatu kwa mwandiko mzuri. Halafu zamu ya gredi ya pili: dakika 20 za kusoma kwa sauti, kidole juu ya neno. Halafu msichana na sehemu zake, dakika 25, huku mdogo wake akicheza na kitinda mimba chumbani. Mwisho kifungua mimba, nusu saa, kwa maswali aliyokwama na ile insha ya Kiingereza aliyoandika jana. Sasa msichana ndiye anayemwangalia mtoto. Saa tatu imefika. Dakika tisini zimepita, na kila mmoja amepata sehemu yake ya mama kabla jua halijawa kali.

Mambo mawili huuvunja mpango huu. La kwanza ni mkubwa asiyejua afanye nini akimaliza. Dawa yake ni kijidaftari cha kila siku, mama anakiandika usiku: kurasa ngapi, maswali yapi, kitabu kipi, na saa sita mchana anakipitia na kutia alama. Mtoto wa gredi ya nane anayesubiri kuambiwa kila hatua hajafundishwa kazi, amefundishwa kusubiri. La pili ni kumgeuza mtoto mkubwa yaya. Kuangalia mdogo zamu moja ya dakika 25 ni malezi. Kumbeba asubuhi nzima ni kumwibia mkubwa masomo yake, na wasichana ndio huibiwa zaidi.

Baada ya kupumzika hadi saa nne, wote hukaa pamoja. Hapa ndipo familia ya watoto wengi ina faida. Dini, historia, mambo ya mazingira, nyimbo na kusomewa hadithi havihitaji gredi. Mama anasoma mara moja, wa gredi ya pili anachora, wa gredi ya tano anasimulia upya kwa mdomo, wa gredi ya nane anaandika ukurasa. Kalenda ya Kanisa inampa mada bila kutafuta: tarehe 3 Juni ni Mashahidi wa Uganda, Karoli Lwanga na wenzake, Wakatoliki 22 waliotangazwa watakatifu na Papa Paulo VI mwaka 1964. Namugongo iko nchi jirani, na Kizito, mmoja wao, alikuwa na umri wa karibu sawa na kifungua mimba wetu. Mtoto wa miaka kumi na mitatu akiambiwa hivyo hunyamaza kidogo.

Na Mombasa ina simulizi zake. Mbele ya Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, mama anaweza kusimulia habari za Yusuf bin Hasan. Alichukuliwa akiwa mtoto akapelekwa Goa, akasomeshwa na watawa Waagustino, akabatizwa Jerónimo, akarudishwa kuwa sultani mwaka 1626. Tarehe 16 Agosti 1631 aliivamia ngome, akamuua kapteni wa Kireno, na Wakristo wengi wakauawa siku zilizofuata. Wakatoliki huwakumbuka hao kama mashahidi wa Mombasa. Mtoto anayeishi mlango mmoja na Waislamu, anayekula nao mbaazi na kucheza nao kandanda uchochoroni, aelezwe pande zote: dhuluma za Wareno kwa mji huu, yale aliyotendewa kijana Yusuf, na imani ya waliokufa. Akielezwa upande mmoja tu, ni afadhali asielezwe.

Sayansi ya mwaka mzima iko baharini, chini ya barabara ya Mama Ngina, bila ada. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku yanachelewa kwa karibu dakika 50. Bamvua huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu. Katikati huja maji mafu. Mpe kila mtoto kazi yake: mdogo achore umbo la mwezi kila usiku, wa kati aandike saa ambayo maji yamefika alama fulani ukutani, mkubwa atafute wastani na kuchora grafu. Baada ya mwezi mmoja wana majedwali yao wenyewe, na wanaweza kwenda kumuuliza mvuvi wa Bandari ya Kale kama hesabu yao inakubaliana na yake. Mvuvi hatatazama karatasi. Atawaambia tu.

Saa sita kamili ni Malaika wa Bwana, na muda mfupi baadaye adhana ya adhuhuri hutoka misikitini. Mtu anayeishi kisiwa hiki hahitaji kununua kengele ya shule. Alfajiri ina sauti yake, adhuhuri, alasiri na magharibi vilevile. Watoto wa Kikatoliki wa Mji wa Kale wanaijua saa kwa adhana hata kama sala yao ni nyingine. Jambo la kujifunza kwa majirani ni kwamba siku hushikiliwa na vituo vichache visivyosogea, na kilicho kati ya vituo kinaweza kupungua au kuzidi. Sala ya asubuhi, saa sita, Rozari ya jioni: hivyo vitatu vikisimama, siku ambayo Hisabati imeharibika bado ni siku iliyopangwa.

Mtakatifu Benedikto aliyaona haya katika karne ya 6. Sura ya 48 ya Kanuni yake inagawa saa za kazi na za kusoma, lakini haigawi mara moja kwa mwaka mzima. Kuanzia Pasaka saa ni hizi, kuanzia Oktoba ni zile, Kwaresima ni nyingine tena. Mtu aliyetunga utaratibu unaofuatwa na watawa kwa karne kumi na tano alikubali kwamba jua lina neno. Pwani jua lina neno zaidi. Kati ya Desemba na Machi, kaskazi inapovuma na sebule ya simiti imehifadhi joto, hakuna cha maana kitakachoingia kichwani saa nane mchana, hasa stima ikikatika na feni kusimama. Miezi hiyo anza saa moja kamili na ufunge vitabu saa tano na nusu. Kusi ikishika na mvua ya mwaka ikianza kunyesha, unaweza kulala robo saa zaidi na kusoma hata alasiri.

Sasa zamu. Hili sijaona likiandikwa katika vitabu vya ughaibuni, kwa kuwa waandishi wake wengi wana waume wanaoondoka asubuhi na kurudi jioni. Bandari ya Kilindini hailali, na baba aliyetoka kazini alfajiri anahitaji kulala saa hizohizo ambazo wa gredi ya pili anasoma kwa sauti. Nyumba ya vyumba viwili haina pa kuficha sauti. Suluhisho ni karatasi mbili ukutani. Wiki ya zamu ya mchana inakwenda kama nilivyoeleza. Wiki ya zamu ya usiku, asubuhi ni ya kuandika na kusoma kimya, kusoma kwa sauti kunafanywa barazani au juu ya paa, na siku moja au mbili wote wanatoka: Misa ya asubuhi katika Kanisa Kuu la Roho Mtakatifu, Nkrumah Road, halafu Ngome, halafu nyumbani saa tano baba akiwa amelala vya kutosha. Kisha alasiri, akiamka, ndiye anayechukua Hisabati ya kifungua mimba. Baba wa zamu ya usiku yuko nyumbani mchana kuliko baba wa ofisini, na familia nyingi hazijaitumia nafasi hiyo.

Na maji. Yakija bombani usiku wa manane, mama ameamka kujaza mitungi, na ratiba yoyote inayodai aamke saa kumi na moja kwa tafakari ni uonevu. Holly Pierlot, mama wa watoto watano wa Kanada, aliandika mwaka 2004 kitabu kinachosomwa sana na akina mama Wakatoliki, *A Mother's Rule of Life*, akipanga wajibu wa mama kwa daraja tano: sala, nafsi yake, mume, watoto, riziki. Wengi hushangaa nafsi ya mama kuwekwa juu ya watoto. Mimi nadhani ndilo jambo la busara kuliko yote kitabuni humo. Usingizi wa mama uandikwe kwenye ratiba kwa kalamu, na Sayansi kwa penseli.

Mchana baada ya chakula ni kimya: wadogo wanalala, wakubwa wanasoma wanachotaka. Saa kumi wenzao wa mtaani wametoka shule na chuoni, nao watoke. Malalamiko kwamba mtoto wa nyumbani hajui watu yana ukweli pale anapofungiwa. PMC (chama cha Kanisa cha watoto wamisionari), watumishi wa altare, kwaya ya watoto na jumuiya ndogo ndogo viwekwe katika ratiba kwa uzito uleule wa Kiingereza.

Rozari usiku ina hesabu nzuri kwa nyumba hii. Makumi ni matano, na wanaoweza kuongoza ni watano: baba, mama na watoto watatu wakubwa. Jumatatu matendo ya furaha, Jumanne ya uchungu, Alhamisi ya mwanga ambayo Papa Yohane Paulo II aliyaongeza mwaka 2002. Kitinda mimba ashike tasbihi yake ya plastiki na aruhusiwe kusinzia. Siku ambayo wote wamechoka, kumi moja linatosha.

Kuhusu vitabu nitasema machache. Vya KICD, taasisi ya taifa ya mitaala, vinapatikana na vinafuata mtaala wa nchi. Mtaala wa ACE, ulioanzia Texas mwaka 1970, ni wa Kiprotestanti. Mkatoliki anayeutumia asome kurasa za dini na historia kabla ya mtoto. Seton, shule ya masomo ya nyumbani ya Front Royal, Virginia, iliyoanza mwaka 1980, ni ya Kikatoliki lakini historia yake ni ya Kimarekani, na Mombasa haimo.

Anayefikiria jambo hili ajaribu kwanza likizo ya Agosti, wiki mbili tu, akiwa na vituo vitatu vya sala na zile dakika tisini za asubuhi, bila kuongeza kitu. Na kama baada ya hapo bado anataka kumtoa mtoto shuleni kabisa, azungumze kwanza na wakili, kisha na mwalimu mkuu, kwa sababu usajili wa tathmini za KPSEA katika gredi ya sita na KJSEA katika gredi ya tisa hupitia shule.